Koplo wa Kurasa za Mwisho

Jina lake sitalitaja. Msiniulize, msinitumie ujumbe, msije kibandani kujifanya mnataka chapati mbili huku macho yanatafuta habari. Anayetaka kujua asome mpaka mwisho. Akifika mwisho bado ana mdomo wa kuuliza, aje tuonane.

Bwaise nzima, mtaa wetu hapa Kampala, inamwita Koplo. Mimi namwita afande, kwa sababu baba yangu alikuwa polisi na nimekulia kambini, na mtoto wa kambi hawezi kumwita mtu aliyevaa yunifomu miaka yote ile "mzee" kama anamwita muuza mkaa. Yeye ananiita Raia. Nimemwambia mara mia, afande, mimi ni mtoto wa polisi, maziwa nimenyonyea kwenye nyumba ya serikali. Ananiuliza, "Una namba?" Sina namba. "Basi, Raia."

Kila asubuhi saa moja anafika. Mvua, jua, siku ya uchaguzi, anafika. Anasimama mbele ya kikaango changu, visigino pamoja.

"Raia, ripoti?"

"Hakuna cha kuripoti, afande."

"Endelea."

Halafu anakaa kwenye benchi na kungoja chapati zake mbili, bila yai. Usimwekee yai. Anasema yai ni kwa watu wanaokwenda mahali.

Suruali yake ina mstari unaoweza kukata nyanya. Anailaza chini ya godoro na kuilalia. Viatu vyake vyeusi anavivalisha kaveera, ile mifuko ya plastiki, kila mguu mfuko wake, ndiyo apite kwenye tope letu. Akifika kwenye saruji anainama, anavua mifuko, anaikunja, anaitia mfukoni. Vijana wa boda wanacheka. Wacheke. Wao viatu vyao vinafanana na viazi vilivyochimbwa sasa hivi.

Na popote anapoingia anataja namba yake ya askari. Zahanati, anataja namba. Kanisani, siku ya kwanza kupokea kazi ya kuwaketisha watu, alitaja namba. Kwenye arusi ya jirani aliulizwa yuko upande wa bwana au wa bibi, akataja namba. Ukikaa naye wiki mbili utaijua namba ile kuliko ya simu yako. Shikeni hilo, litakuja kutumika.

Lakini kitu chake hasa ni karatasi. Mimi chapati nafungia karatasi kuukuu, nanunua kwa kilo kule sokoni Kikuubo, mzigo umefungwa kamba, ndani unakuta mitihani ya watoto, matangazo ya mazishi, orodha za dawa, barua za mahakama. Wateja wengine wanafungua, wanakula, wanatupa. Koplo anafungua, anaweka chapati kwenye goti, anaisoma karatasi upande huu, anaigeuza, anasoma upande ule. Ndipo anakula. Mwanzoni nilikuwa nafikiri anatafuta kosa anishtaki.

"Afande, chapati inapoa."

"Kila karatasi kuna mtu aliketi akaiandika," akaniambia. "Utakula juu ya mgongo wake bila kumsalimia?"

Mimi shule niliachia darasa la sita. Kusoma kwa kweli, kusoma kwa kutaka, nimejifunzia hapo kwenye benchi. Alikuwa ananipa karatasi yenye mafuta, "Soma." Nikiongeza madoido ya sauti ananikata. "Soma kama umesimama kaunta ya kituo. Mtu ameibiwa kuku. Kuku ni wake, uchungu ni wake. Wewe andika kuku." Kila ninachokijua juu ya maneno nimekipata kwa mtu huyu, halafu kuna wapumbavu wanakuja mbele yangu kumwita chizi. Nina kifimbo cha kusukumia chapati, na nimeshakitumia kwa kazi nyingine.

Msidhani hanikasirishi. Walikuja watu wa jiji na kamba zao za kupimia. "Nyabo, kibanda hiki kiko juu ya mtaro?" Nikasema hakiko, kwa sauti ambayo hata mimi niliiamini. Jirani wa mkaa akasema hakiko. Mama wa nyanya akaapa kwa watoto wake. Wale watu walikuwa wameshageuka kuondoka, wakamwona mzee amekaa wima na viatu vinavyong'aa, wakamwuliza na yeye.

"Futi tatu ziko juu ya mtaro," akasema Koplo, mdomo umejaa chapati yangu mwenyewe.

Banange! Walikivunja kibanda mchana uleule. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Luganda, Kiswahili kilipopata pumzi nikarudi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama naandikisha malalamiko. Kesho yake alifika na misumari na msumeno, akavua shati, akakijenga upya siku mbili peke yake, futi tatu ndani.

"Sasa hakiko juu ya mtaro," akasema. "Wakija tena, hata mimi nitasema hakiko."

Yuko hivyo. Kwenye mazishi ya jirani yetu mmoja watu walipanda mmoja mmoja kumsifu marehemu, mpaka mjane akaanza kuangalia pembeni kama wanamsifu mtu mwingine. Koplo akasimama. "Marehemu alikuwa mlevi. Lakini hajawahi kumpigia mkewe kelele mbele ya watu." Mjane alicheka, mara ya kwanza baada ya siku tatu, halafu akalia vizuri.

Na mizimu haamini. Hili msilisahau. Wakati watu wanasema kwenye mtaro kuna mwanamke anaita, yeye alikwenda, akainama, akarudi. "Bomba limepasuka." Nikamwuliza, afande, hata siku moja hujawahi kuona kitu? "Nimelinda mochari miaka miwili, Raia. Hakuna aliyenisumbua isipokuwa walio hai."

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Asubuhi moja nilifungua mzigo mpya wa karatasi. Kurasa kubwa, mistari ya samawati, mstari mwekundu pembeni. Sikuangalia, kulikuwa na foleni. Nilishafungia wateja kumi na mmoja, wengi vijana wa boda, Koplo alipofika, tukaulizana ripoti kama kawaida, nikampa zake. Akafungua. Akasoma upande huu. Akageuza. Chapati zikateleza kutoka kwenye goti, zikaanguka chini, na yeye hakuziangalia.

"Raia. Kurasa nyingine ziko wapi?"

"Afande, nimeshauza."

Alivuka barabara kwenda kwa vijana wa boda na viatu vyake vitupu, bila kaveera. Hapo nikajua kuna jambo.

"Nipe karatasi ya chapati."

"Afande, nimeshajifutia mkono!"

"Nipe hivyohivyo."

"Mimi yangu nimetupa mtaroni, ssebo. Ina mafuta, hata mbuzi hataki."

Akainama mtaroni na kijiti. Kati ya zile kumi na moja alipata nne. Alirudi nazo amezilaza mikono miwili, kama mtu amebeba mtoto wa wenyewe.

Mzigoni zilibaki kurasa tisa. Nikaanza kusoma nimesimama, na mstari wa kwanza nikaujua ni nini: kitabu cha matukio, kile kitabu kikubwa cha kaunta ya polisi, kila linalofika linaandikwa na saa yake na namba ya askari aliye zamu. Baba alikuwa akikiogopa kuliko mkewe. Lakini mambo yaliyokuwamo, hayo baba hakuwahi kuyaleta nyumbani. Hili nalijua kwa moyo:

"Saa nne na dakika kumi asubuhi. Amefika mwanamke mmoja, nguo zimelowa. Amesema amekuja kutoa taarifa ya mtu aliyepotea. Nimemwuliza jina la aliyepotea. Ametaja jina lake mwenyewe. Nimemwuliza alionekana wapi mara ya mwisho. Amesema: hapa, sasa hivi.

Saa nne na dakika kumi na mbili. Benchi limelowa. Hakuna mtu. Nje hakuna mvua."

Ndiyo imekwisha. Hakuna tena. Niliisoma saa mbili asubuhi, jua linawaka, pikipiki zinapiga honi, na mgongo wangu ukawa baridi mpaka kiunoni.

Na ile ya selo. Mahabusu ni sita, wamehesabiwa, wameandikwa. Kila chakula kikirudi, sahani zilizolambwa ni saba. Askari anawahesabu tena: sita. Anawaamuru wajihesabu wenyewe kwa sauti. "Sauti saba zimesikika. Midomo iliyofunguka ni sita. Nimeomba nibadilishiwe zamu." Kwangu chapati tatu ziliungua wakati nasoma hapo.

Pembeni ya kila habari, namba. Ile namba. Ile anayoitaja zahanati na arusini.

"Afande, namba hii ni yako."

"Ndiyo."

"Basi ni wewe uliyeandika."

"Nilikuwa zamu."

"Wewe huamini mizimu! Umeyatunga haya!"

Akasimama. "Raia, chapati inaungua." Ilikuwa inaungua kweli. Nilipogeuka, ameshaondoka, na kurasa zote ameziacha kwenye benchi. Kesho yake nilimwambia azichukue. Akakataa. "Haziruhusiwi kukaa kwangu. Ni mali ya serikali."

Habari yake alinipa vipande vipande, msimu mzima wa mvua, kwa sauti ileile ya kuripoti kuku. Ilikuwa hivi. Mwaka ukiisha, kitabu cha matukio kinafungwa na kipya kinafunguliwa, hata kama cha zamani kimebakiza kurasa ishirini. Zile kurasa za mwisho hakuna anayezihitaji. Koplo, wakati huo sajenti, kijana, aliyekuwa zamu za mchana kwenye kituo kidogo ambacho hakifiki mtu ila mwenye mbuzi aliyepotea, alianza kuziandika. Askari mwingine akija kupokea zamu, kabla ya kuuliza funguo za selo, anafungua kwanza nyuma ya kitabu cha mwaka jana. Wanawake kwenye bomba la kambi walikuwa wanatuma mtu kuuliza: kuna mpya? Hakuweka jina. Kitabu cha matukio hakina nafasi ya jina la mwandishi, kina nafasi ya namba.

Halafu akaja mkubwa kukagua, akafungua kitabu upande usiofaa. Akasoma ya sahani. Akauliza, "Huyu mahabusu wa saba aliachiwa na nani?"

Wakamweka kwenye kiti mbele ya maofisa watatu na Biblia. Swali lilikuwa moja. Umetunga? Akisema nimetunga, ameandika uongo kwenye kitabu cha serikali: kazi imekwisha, na nyumba ya kambi imekwisha siku hiyohiyo. Mkewe alikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni, amesimama nje dirishani.

Akaweka mkono kwenye Biblia akasema, "Yalitokea."

Nini watamfanya? Huwezi kumfukuza mtu kwa sababu ameona. Waliandika kwamba malaria imempanda kichwani. Wakamvua tepe moja, sajenti akawa koplo, wakampeleka kulinda stoo ya mafuta, na koplo akabaki mpaka alipostaafu. Kuanzia siku ile hajaandika tena, hata orodha ya sokoni. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa anaikariri. Na hajasema uongo mwingine, hata mdogo, hata kwa watu wa jiji, hata mazishini. Uongo mmoja alioapia aliuona unamtosha maisha yote.

Nilipoelewa hivyo nilitaka kulia, na mimi nikitaka kulia natukana. Niliwatukana maofisa watatu ambao pengine wameshaoza.

Sasa hapa ndipo kosa langu linapoanza, na nitalieleza kwa sababu yeye alinifundisha kuandika kuku.

Nilizisoma zile kurasa kwenye simu, sauti yangu tu, nikatuma kwenye kundi letu la watoto wa kambi. Namba ya pembeni niliisoma kama ilivyoandikwa, lakini sikusema ni ya nani, jina alishaniapisha nisilitaje. Kundi likatuma kwa kundi. Haijapita wiki mbili, akashuka kwenye boda mbele ya kibanda mwanamke mwenye miwani, sauti ya chini, ananiita dada. Ni daktari wa mambo ya vitabu, ofisi yake iko Nakasero. Akasema kazi yake ni kuwafufua waandishi wa zamani wa hadithi za kutisha, wale walioandika kwenye magazeti ya makanisa, majarida ya shule, kalenda za wafanyabiashara, wakasahaulika kabisa.

"Dada, nimesoma za watu arobaini. Sijakutana na mtu anayetisha kwa maneno machache hivi. Ni nani?"

Kurasa nilimpa azipige picha. Jina, niliuma ulimi. Mimi! Daktari akamgeukia mzee kwenye benchi.

"Mzee, wewe ulikuwa polisi? Namba hizi za zamani hazina kumbukumbu tena, nimeshauliza. Unamfahamu mwenye namba hii?"

Koplo alitafuna, akameza. "Namfahamu."

Nikaacha kusukuma chapati.

"Yuko wapi?"

"Hakuacha anwani."

"Alikuwa mtunzi?"

"Alikuwa askari." Akavaa kaveera zake, akaenda.

Hata leo sijui kama yule Daktari hakung'amua, au aling'amua akamheshimu. Kitabu kilitoka, kizuri, jalada jeusi. Hadithi saba za Koplo zimo, kila moja juu yake imeandikwa "Mwandishi hajulikani". Na kwenye dibaji: "Yawezekana alikuwa askari wa cheo cha chini, na pengine amekwishafariki."

Amekwishafariki! Na asubuhi ile alikuwa amekula kwangu chapati mbili!

Nilimpelekea nakala. Akaisoma kwenye benchi, ukurasa kwa ukurasa, upande huu, upande ule. Alipofika kwenye "pengine amekwishafariki" akakitazama kidole chake, kama anayehakikisha bado kipo, akaendelea. Mwisho akasema, "Hawakubadilisha neno." Nikaona anafuta macho, akasema ni moshi. Nadhani huo ndio uongo wa pili, lakini sigiri yangu ya mkaa inatoa moshi kweli, basi tumwachie.

Uzinduzi ulikuwa hotelini Nakasero, mchana. Nikasema twende. Sikutegemea akubali. "Nataka kusikia wanavyosoma," akasema. Mlangoni alivua kaveera, akakunja, akamtajia mlinzi namba. Mlinzi akamwambia, "Mzee, mimi nataka mwaliko." Nikamwonyesha mwaliko na jicho.

Tulikaa nyuma. Akapanda msanii mmoja wa jukwaani, akasoma ya mwanamke aliyelowa. Alisoma kwa kutetemesha sauti na kutoa macho. Koplo akanong'ona, "Anapiga kelele. Angemwacha mwanamke aseme." Lakini midomo yake ilikuwa inatembea, mbele ya msomaji neno moja, kila neno. Miaka yote ile hajaandika, na hakuna neno alilopoteza. Ilipofika "nje hakuna mvua" ukumbi mzima ukanyamaza, mpaka nikasikia barafu inagonga glasi ya mtu. Halafu makofi. Nikamwangalia. Mtu yule alikuwa amekaa kama mtoto aliyeitwa mbele shuleni kupewa zawadi.

Angebaki hivyo. Ingetosha.

Akasimama bwana mmoja mwenye suti, kwenye maswali, akasema inasikitisha, lakini watu wetu wa zamani ndivyo walivyokuwa, hawakujua thamani ya kazi yao, na huyu naye huenda hakujua hata kwamba anaandika fasihi.

Hakujua! Mimi damu ilipanda nikasikia masikio yanaziba. Nikasimama juu ya kiti. Kiti cha hoteli.

"Anajua! Anajua kuliko wewe! Yupo hapa, huyu hapa, hajafa!" Na jina nikalitaja. Majina yote matatu.

Vichwa vyote vikageuka. Daktari akaja na kipaza sauti. "Mzee. Ni wewe uliyezitunga?"

Lile swali. Miaka imepita, nchi imebadilika, maofisa wamekufa, na mimi mpumbavu nimemrudisha kwenye kiti kilekile, nimemwekea Biblia ileile mbele ya watu mia mbili wenye simu.

Alisimama, visigino pamoja. Akataja namba.

"Nilikuwa zamu. Niliandika yaliyofika kaunta."

"Yaani ni kweli?" akauliza yule wa suti, anatabasamu. "Mzee, uliwaona? Mizimu?"

Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha kupenda, mnajua, kama wanachekea mtoto. Koplo akaniangalia. Hakukasirika, ningependa angekasirika. Aliniangalia kama anatafuta mlango.

"Niliona," akasema.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Simu zote juu. Yule mtu ambaye hajawahi kuamini hata sauti mtaroni, mbele ya watu waliotoka kumpigia makofi bila kumjua, alichagua tena kuitwa mwendawazimu kuliko mwongo. Akachukua kofia yake, akatoka. Nilimfuata mpaka barabarani. Alipanda boda bila kuniangalia. Viatu vyake havikuwa na kaveera.

Wiki ile picha ilizunguka kila simu ya Kampala. Hakuna aliyekumbuka jina, walimpa lao: Afande Mizimu. Watoto wa Bwaise walikuwa wanamwuliza njiani, "Afande, nyuma yako ni nani?" Nilipigana na watu wazima watatu. Haikusaidia. Na yeye hakuja kibandani tena. Saa moja inafika, benchi liko tupu. Nilikuwa nafunga chapati mbili bila yai na kuziweka pembeni mpaka zinakauka, halafu nampa mama wa nyanya.

Miezi mitano.

Kisha mvua kubwa, mafuriko yetu ya kila mwaka, maji yaliingia kila nyumba. Siku ya pili jua lilipotoka nilikwenda kwake. Nilibeba fagio. Ukutani maji yalikuwa yameacha mstari usawa wa goti. Godoro liko nje. Na kwenye kamba ya nguo, kati ya suruali mbili, ametundika kile kitabu cheusi kwa vibanio, kimevimba kama mkate.

Tulifagia tope. Tulipomaliza aliingiza meza katikati ya chumba, akaipangusa, akaweka daftari jipya na kalamu. Nikadhani atakaa. Akaniwekea mimi kiti. Yeye akavuta benchi, upande wa pili, upande wa mlalamikaji.

"Raia. Leo wewe uko zamu."

"Afande, mimi sina namba."

"Leo unayo. Andika. Saa."

Nikaangalia simu. Nikaandika saa tisa na dakika ishirini mchana.

"Amefika mzee mmoja," akasema, "nguo zimelowa. Andika. Amesema amekuja kutoa taarifa ya mtu aliyepotea."

Mkono wangu ukasimama. Ninazijua hizo habari.

"Uliza, Raia. Ndiyo kazi ya aliye zamu."

"Jina la aliyepotea?"

Akataja jina lake mwenyewe. Majina yote matatu, polepole, nipate kuandika vizuri.

"Alionekana wapi mara ya mwisho?"

Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mabati.

"Mbele ya maofisa watatu. Ameweka mkono kwenye Biblia. Andika: aliapa kwamba yalitokea. Hayakutokea. Aliyatunga yote, kaunta, mchana, kwa furaha." Akangoja niandike neno la mwisho. "Furaha, umeandika?"

"Nimeandika."

Akavuta daftari, akasoma upande huu, akageuza ingawa nyuma ni kweupe. Akachukua kalamu. Kwa mara ya kwanza tangu wamvue tepe, mbele yangu, aliandika. Si namba. Jina.

"Itunze wewe," akasema. "Isisomwe na mtu mpaka nitakapokuwa mahali ambapo siwezi kuulizwa swali. Utaweza, na mdomo huo?"

Nilitaka kusema nitaweza. Nikaitikia kwa kichwa.

Ninawasimulia bila jina; daftari lenyewe liko kwenye kaveera, ndani ya kaveera nyingine, na lilipo hata mama yangu hajui. Daktari ameshakuja mara mbili. Anachapa kitabu upya, anauliza kwa adabu, dada, lile jina ulilolitaja siku ile, ni la kweli? Niliandike? Nikamwambia siku ile nilikuwa na hasira, nilisema ovyo. Mimi, ambaye sijawahi kumeza neno. Basi litatoka tena vilevile, "hajulikani", na yule wa suti ataendelea kusema hawakujua thamani yao, na mimi nitakaa hapa nasukuma unga nimefunga mdomo mpaka meno yaume.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya kufagia tope, saa moja, alisimama mbele ya kikaango. Suruali ina mstari. Sijui aliilalia wapi, godoro lilikuwa bado limelowa. Foleni yote ikageuka kumtazama, mtu wa boda mmoja akaanza kucheka.

"Raia, ripoti?"

Nilimwangalia yule wa boda mpaka akafunga mdomo. Halafu nikaweka visigino pamoja.

"Hakuna cha kuripoti, afande."